Pikapu Inapoteleza Gia: Tuanzie Wapi?

Somo hili ni la wale wenye pikapu za gia otomatiki, na hasa vikundi vilivyochanga pesa vikanunua pikapu moja ya kubebea samaki, barafu, maembe au mawe ya kujengea. Tunazungumzia Shella hii yetu ya Malindi, kando ya nguzo ya Vasco da Gama, wala si Shela ya Lamu ambako punda ndiye pikapu na gia zake hazitelezi.

Gari nyingi za otomatiki tunazoziona zimetoka Japani zikiwa zimeshatumika. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu iliyopita miaka 8. Lakini hata gari ya miaka 7 imeshatembea sana, na oili iliyo ndani ya giaboksi yake ilibadilishwa lini? Hakuna wa kukuambia. Inashuka melini Mombasa, inaletwa Malindi kilomita kama 120, na wiki hiyohiyo inapakiwa tani nzima na kuteremshwa mchangani. Haipiti muda malalamiko yanaanza.

Malalamiko yenyewe ni haya. Ukikanyaga mafuta injini inalia kwa nguvu lakini gari haiendi. Ukitia D inangoja sekunde mbili tatu, halafu inashika kwa kishindo. Asubuhi iko sawa, ikishapata moto inakataa. Mafundi husema gari "inaslipu", yaani gia zinateleza. Lakini hebu sikiliza vizuri kabla hujailaumu giaboksi. Ikiwa gari haina nguvu na injini nayo inaunguruma chini kama imechoka, basi shida ni ya injini, pengine filta ya mafuta imeziba tu. Kuteleza ni pale injini inapopanda juu na magurudumu yakabaki nyuma.

Kwa nini iteleze? Katika gari ya gia za mkono, mguu wako ndio unaofanya kazi ya klachi. Katika otomatiki, kazi hiyo inafanywa na oili. Pampu inaisukuma oili, oili inasukuma pistoni, na pistoni zinabana diski nyembamba zilizobandikwa kitu kama karatasi ngumu. Diski zikibanwa sawasawa, gari inakwenda. Oili ikipungua, pampu inafyonza hewa, oili inafanya povu, na povu halina nguvu ya kubana chochote. Diski zinasuguana badala ya kushikana. Hapo panatoka joto, na joto linaiunguza oili, nayo oili iliyoungua inazidi kuzitelezesha. Oili hii hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi joto kama 80 hivi. Ikifika 120 huanza kuharibika, na ikipita hapo sili za mpira zinakauka na kuwa ngumu. Ndiyo maana dereva anayejibu kuteleza kwa kukanyaga mafuta zaidi anaimaliza giaboksi kwa mguu wake mwenyewe.

Basi kitu cha kwanza ni kupima oili, na hilo halihitaji fundi. Endesha gari kama dakika 20 ipate moto, iegeshe mahali palipo sawa, hendbreki juu, na usizime injini. Kanyaga breki, upitishe gia zote polepole, kisha urudi P. (Aina chache hupimwa kwenye N, kwa hiyo tazama kitabu cha gari.) Chomoa kijiti cha giaboksi, si kile cha injini, ukifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, ukirudishe, ukichomoe tena. Oili iwe kwenye alama za moto. Kati ya alama ya chini na ya juu ni kama nusu lita tu, kwa hiyo usimwage chupa nzima. Oili ikizidi nayo hufanya povu. Gari nyingine za siku hizi hazina kijiti kabisa. Hizo mpelekee fundi mwenye kipima joto.

Sasa tazama rangi na unuse. Oili nzima ni nyekundu, ile nyekundu ya ubuyu. Ikiwa ya kahawia na inanuka kama mkate ulioungua, diski zimeshaanza kuliwa. Ikiwa imepungua, jua inavuja, maana oili ya giaboksi haichomwi kama ya injini. Lala chini utazame mifereji ya chuma inayokwenda kwenye radieta. Kwetu sisi maji ya chumvi ya kreti za samaki yanachuruzika kutoka bodi ya nyuma siku nzima, na kutu inafanya kazi usiku na mchana.

Ikiwa oili ni ya waridi na ina utandu kama maziwa, simama hapo. Usiendeshe hata mpaka sokoni.

Jambo hili linahitaji maelezo, kwa sababu pwani yetu inalialika. Oili ya giaboksi hupozwa ndani ya tangi la radieta, katika kibomba kidogo kilichozungukwa na maji. Visima vya karibu na ufuo vina chumvichumvi. Dereva akiona radieta imepungua anachota maji ya kisima, anajaza, safari inaendelea. Chumvi inakila kile kibomba kidogo kidogo mpaka kinatoboka, na maji yanaingia kwenye giaboksi. Maji hayo hulainisha gundi iliyoshika ile karatasi ya diski. Ukigundua mapema, ukabadilisha radieta na kusafisha giaboksi kwa oili mpya mara kadhaa, huenda ukapona. Ukiendesha siku tatu, nne, karatasi inabanduka, na hapo hakuna dawa ila kufungua.

Kuliwa kwa vibomba hivi si shida ya Malindi peke yake. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 oili ya giaboksi otomatiki ilitiwa mafuta ya nyangumi. Marekani ilipokataza, oili iliyotengenezwa kuchukua nafasi yake ikaanza kuvila vibomba ndani ya radieta, ikabidi ibadilishwe tena. (Nyangumi nao siku hizi wanapita zao mbele ya Watamu na Malindi kila mwaka, na watalii wanalipa kuwatazama.) Ushauri wetu: radieta itiwe kulenti, au ukikosa, maji ya mvua au ya betri. Na kama gari inabeba mzigo mzito kila siku, mwombe fundi aweke kipoza oili cha pembeni, mbele ya radieta. Gharama yake ni ndogo kuliko giaboksi.

Mchanga nao una yake. Pikapu ikikwama ufuoni, vijana wanasukuma, dereva anatia D, R, D, R, injini inalia. Dakika tano za kazi hiyo zinaichosha giaboksi kuliko safari ya Mombasa. Punguza upepo wa matairi, chimba mbele ya magurudumu, weka mbao, shusha mzigo ikibidi. Ukisikia harufu ya kuungua, tia N, uache injini iunguruma taratibu dakika chache ili oili izunguke na kupoa. Na ukiwa na mzigo, zima kile kitufe cha O/D, gari isihangaike kupandisha na kushusha gia. Lakini taa ya O/D OFF ikipepesa yenyewe, gari inakuambia kuna hitilafu ya umeme ndani. Pengine ni waya au solenoidi tu, wala si giaboksi nzima.

Hapo ndipo tunafika kwa fundi. Mara nyingi mazungumzo huwa hivi:

"Mama, giaboksi imekwisha. Leta nyingine."

"Umepima presha ya oili, fundi?"

"Aa, hii nimeshaijua kwa sikio."

Sikio la fundi ni kitu kizuri, lakini pesa ni za kikundi. Mwombe apime presha kwa geji, asome hitilafu kwa mashine, na kwa gari za zamani akague ile kebo inayotoka kwenye mafuta kwenda giaboksi. Kisha afungue sampu mbele yenu. Uji mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vya chuma au mabaki meusi ya diski, hapo fundi alisema kweli.

Wako wanaosema ukibadilisha oili ya zamani gari inakufa. Sisi tunaona gari hiyo ilikuwa inakufa tayari; oili mpya haiwezi kurudisha karatasi iliyokwisha. Ukimwaga kwa sampu, karibu nusu tu ya oili ndiyo inayotoka, kwa hiyo kubadilisha mara moja hakutoshi kusafisha. Tia aina iliyoandikwa kwenye kijiti au kitabuni: ya T-IV si ya WS, na oili ya injini usiikaribishe.

Ikibidi kununua giaboksi ya mtumba, namba zilingane, tochi konveta ije pamoja nayo, na mifereji na kipoza visafishwe, la sivyo uchafu wa ile ya kwanza utaiua ya pili. Malizeni kulipa baada ya kuijaribu ikiwa na moto na mzigo, mpaka Kakoneni na kurudi. Na gari ikiharibikia njiani isivutwe kwa kamba huku magurudumu ya nyuma yakizunguka. Injini ikiwa imezimwa pampu haifanyi kazi, na giaboksi inazunguka kavu. Ibebwe, au propela ifunguliwe kwanza.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi: Nani kati yetu amewahi kuchomoa kijiti cha giaboksi ya pikapu yetu, na lini? Radieta inajazwa maji ya wapi? Na dereva akisikia gia zinateleza akiwa na samaki wa watu, ana ruhusa ya kusimama?