Nyuzi Nyeusi za Turubai

Swali: Maturubai ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, yaliyoonekana katika kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, Kakonko, Tanzania, kabla haijafungwa mwaka 2021, yana nyuzi nyeusi ndani. Je, ni nanotyubu za kaboni?

Jibu: Hapana. Ni nyuzi za polithilini ngumu, aina ya plastiki, zilizofumwa, zikafunikwa kwa polithilini laini pande zote mbili. Weusi huo ni masizi ya kaboni, kinga nzuri dhidi ya jua. Nguvu ya kuhimili upepo hutoka kwenye ufumaji wa nyuzi hizo.

Nanotyubu, yaani mirija midogo mno ya kaboni, zilizoelezwa na Sumio Iijima wa Japani mwaka 1991, zina ukakamavu unaokaribia gigapaskali 1,000, takriban mara tano ya chuma. Lakini ndani ya plastiki hung'ang'aniana, na bonge moja huweza kuanzisha ufa. Kiasi kidogo kilichosambaa vizuri huimarisha plastiki kuliko kingi kilichorundikana.