Mashapo kama Shahidi: Upimaji wa Unururifu katika Bahari ya Ireland

Makala haya yanaangazia namna mashapo ya sakafu ya bahari yanavyochukuliwa na kupimwa ili kubaini uchafuzi wa unururifu. Mfano unaorejelewa ni Bahari ya Ireland. Kiwanda cha Sellafield, ambacho awali kiliitwa Windscale, kilianza kumwaga humo majitaka yenye unururifu kwa bomba mnamo mwaka 1952. Umwagaji huo ulifikia kilele katika miaka ya 1970, kisha ukapunguzwa mno.

Huenda msomaji akauliza: mbona lipimwe tope badala ya maji? Maji hupita na mkondo, tope hutuama. Chembechembe laini za udongo wa mfinyanzi hunasa sesiamu-137 na plutoniamu, ilhali mchanga hunasa kidogo tu. Hapa ndipo penye mtego. Mpimaji atakayeteka mchanga pekee atarejea na takwimu za kufurahisha, na takwimu hizo zitawapotosha wavuvi wanaozitegemea. Kwa sababu hiyo, aina ya mashapo hainabudi kuelezwa sambamba na kiasi cha bekereli kwa kila kilo ya tope kavu.

Vyombo vinavyotumika ni vya namna mbili. Kipo chombo chenye taya mbili ambacho hufumba kigusapo sakafu na kuzoa tope la juu. Hiki ni chepesi kutumia, lakini huvuruga matabaka. Upo pia mrija mrefu unaodidimizwa wima. Tope lililomo hukatwa vipande vyembamba mfano wa mkate, na ukingo uliokwaruzana na mrija hutupwa, kwani huburura uchafu wa juu hadi chini. Kila kipande hukaushwa na kupimwa. Sesiamu hutambuliwa kwa miali yake ya gama. Plutoniamu ni kaidi zaidi: hutoa hasa miali ya alfa, isiyopenya mbali, hivyo ni lazima kwanza itenganishwe kwa kemikali.

Ingetarajiwa kwamba matabaka hayo yasomeke kama kurasa za tarehe, kilele cha miaka ya 1970 kikiwa chini na miaka ya karibuni juu. Hata hivyo, kamba na minyoo wachimbao mashimo huchanganya kurasa hizo, na nyavu za kukokota huongezea.

Isitoshe, dhana ya awali kwamba tope lingeifungia plutoniamu milele haikuthibitika kikamilifu. Tangu umwagaji upungue, mashapo yenyewe yamekuwa chanzo kikuu cha sesiamu na plutoniamu inayorudi majini. Tena plutoniamu-241, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 14 hivi, hugeuka kuwa amerisiamu-241, ambayo nusumaisha yake ni miaka 432. Hivyo basi, tope la mahali pale pale laweza kuonyesha amerisiamu nyingi kuliko awali, ilhali bomba halijaongeza hata tone.