SOMO: MAJI AMBAYO DAUDI HAKUYANYWA

Andiko: 2 Samweli 23:13-17

Wapendwa, Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Mashujaa watatu wakapenya kambi ya Wafilisti, wakayateka, wakamletea. Daudi hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, kwa kuwa aliyaona ni damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Maji yalikuwa safi, lakini Daudi alitazama njia yaliyopitia.

1. Kito kina njia yake

Almasi hung'aa dukani bila kusema ilikotoka. Ndugu zetu wa Kisangani, mji wa biashara ya almasi, wanakumbuka Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana humo siku sita. Raia wengi walikufa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini humo. Kati ya hizo, milioni 60 ni za maliasili.

2. Cheti ni kizuri, lakini hakitoshi

Tangu 2003, chini ya Mpango wa Kimberley, almasi ghafi husafirishwa na cheti kwamba haikuwapa waasi fedha za vita. Ni jambo jema. Lakini cheti hicho hakiulizi kama mchimbaji alilipwa haki yake, wala kama mtoto alishushwa shimoni.

3. Si almasi tu

Mtasema: sisi wa kambini tutanunua wapi almasi? Tuliotoka Koyama na pwani ya Kismayo tunajua kwamba kwetu kilichonunua risasi kilikuwa mkaa. Al-Shabaab waliposhika Kismayo, 2008 hadi 2012, mkaa wa migunga ulipakiwa bandarini kwenda Ghuba, nao wakautoza kodi. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku mkaa wa Somalia. Hata kundi hilo lilipoondoka mjini, biashara iliendelea, kwa sababu wanunuzi walikuwapo. Mvuta shisha wa mbali hakuiona bunduki.

Basi tufanye nini?

Tusimhukumu anayechimba au kuchoma mkaa kwa njaa ya watoto wake. Somo hili ni la mnunuzi. Ukiletewa dhahabu au kito kwa bei ya kutupa, uliza kimetoka wapi. Muuzaji akikwepa, acha. Ndugu aliye Ulaya au Marekani akitaka kututumia pete ya arusi, tumwombe aulize dukani: jiwe hili ni la nchi gani, mgodi gani? Asipojibiwa, pete isiyo na jiwe inatosha. Ndoa haipungui kwa hilo. Sisi tuliokimbizwa na vita tusiwe wateja wake.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Kwa nini Daudi hakusema, "Maji yameshaletwa, tunywe tu"?
2. Ni kitu gani tunachonunua kila wiki bila kuuliza kilikotoka?

Bwana atupe ujasiri wa kuuliza. Amina.