Somo la Mwezi: Kubadilisha Chujio la Dizeli Nyumbani kwa Usalama

Mkulima anayeshusha kabeji na nyanya kutoka Wundanyi kwenda soko la Kongowea, Mombasa, anajua hasara ya gari kuzimika njiani. Mboga hazingoji fundi. Na mwenye pikapu hiyo ndiye anayegongewa mlango usiku mama mjamzito akishikwa na uchungu na inabidi afikishwe hospitali Voi. Uchungu nao haungoji.

Mara nyingi kinacholizimisha gari si ubovu mkubwa. Ni kipuri kidogo kilichosahauliwa: chujio la mafuta, ambalo wengi wetu huliita filta. Somo la mwezi huu linaeleza jinsi mkazi anavyoweza kulibadilisha mwenyewe, ni magari gani asiyaguse, na jinsi chujio la zamani linavyoweza kumwambia alichouziwa kituoni.

Chujio linafanya kazi gani?

Dizeli hutoka kwenye tangi ikiwa na uchafu: kutu, vumbi lililoingia wakati wa kujaza, na matone ya maji. Chujio hukaa kati ya tangi na pampu ya injini na kuuzuia uchafu huo. Unywele wa binadamu una unene wa takriban maikroni 70. Chujio zuri la dizeli hunasa chembe za maikroni 10 na hata ndogo zaidi, ambazo jicho haliwezi kuziona.

Chembe hizo ndizo zinazokwaruza pampu na nozo. Dizeli yenyewe ndiyo inayolainisha pampu, kwa hiyo maji yakipita mahali pake, chuma husagana na chuma. Bei ya chujio ni ndogo sana ukilinganisha na gharama ya kufungua pampu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Dalili za chujio lililoziba

- Gari linakosa nguvu kwenye mlima, kwa mfano kutoka Mwatate kupanda Wundanyi, ilhali kwenye tambarare linakwenda vizuri.
- Linawaka kwa shida asubuhi, au linawaka kisha linazima.
- Linashtukashtuka ukikanyaga mafuta.
- Taa ya chujio au ya maji imewaka kwenye dashibodi.

Dalili hizi pia zinaweza kuletwa na mpira wa mafuta uliopasuka na kuingiza hewa. Kabla ya kununua chujio, kagua mipira na klipu zote kuanzia kwenye tangi. Ukiona unyevunyevu wa dizeli mahali, anza kurekebisha hapo.

Kitabu cha mwongozo wa gari ndicho kinachosema chujio libadilishwe baada ya kilomita ngapi. Kwa magari mengi ya dizeli ni kati ya kilomita 20,000 na 40,000. Anayepita barabara za vumbi kila siku, au anayejaza kwa jerikeni na pipa, asingoje kufikia mwisho wa kipimo hicho.

Magari ya kumwachia fundi

Somo hili ni la magari ya dizeli ya mtindo wa zamani, kama vile Toyota Hilux na Hiace nyingi, ambayo chujio lake liko nje karibu na injini na lina pampu ya mkono juu yake. Aina tatu zifuatazo usizifungue nyumbani.

*Gari la petroli.* Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, wakati dizeli huhitaji kupata joto la zaidi ya nyuzi 50 ndipo mvuke wake ushike. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji hadi ukute jiko la makaa lililo hatua kadhaa kutoka kwenye gari, kisha moto hurudi ulikotoka. Tena, mafuta hubaki na msukumo ndani ya bomba hata baada ya injini kuzimwa, na ukilegeza kiungo huruka usoni.

*Gari ambalo chujio lake liko ndani ya tangi.* Magari mengi madogo ya petroli, kama Probox, yako hivi.

*Dizeli ya kisasa yenye pampu ya msukumo mkubwa.* Msukumo kwenye mabomba yake hupita ule wa gurudumu la gari mara mia kadhaa. Mchirizi mwembamba wa dizeli unaweza kutoboa ngozi na kuingia mwilini. Jeraha huonekana dogo kama la sindano, lakini ni la kukimbizwa hospitali mara moja.

Vifaa

Tayarisha chujio jipya, spana ya filta, koleo, beseni, vitambaa safi, glavu, chupa ya kioo yenye kifuniko, mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu, na ndoo ya mchanga mkavu. Unaponunua chujio, nenda dukani na namba iliyoandikwa kwenye lile la zamani au namba ya chesisi. Machujio mawili yanaweza kufanana kwa macho na kutofautiana kwenye nyuzi za kufungia.

Matayarisho

Fanya kazi nje, mchana, mahali tambarare penye hewa. Zima injini na uiache ipoe. Vuta hendibreki na uweke kabari kwenye magurudumu. Ondoa waya wa upande hasi wa betri. Pasiwe na jiko, koroboi, sigara wala kazi ya kuchomelea vyuma karibu. Watoto wakae mbali. Ukihitaji mwanga, tumia tochi, kamwe usitumie mshumaa wala kiberiti.

Hatua kwa hatua

1. Futa vumbi lote kwenye chujio na juu yake kabla ya kufungua chochote. Punje moja ya mchanga ikiingia upande wa pampu, chujio jipya haliwezi kuizuia tena.

2. Chomoa kwa utaratibu waya wa sensa ya maji ulio chini ya chujio. Usiuvute kwa nguvu.

3. Weka beseni chini. Legeza kizibo cha chini na uache dizeli itiririke. Usiimwage dizeli hii, utaihitaji baadaye.

4. Fungua chujio kwa spana ya filta, ukizungusha kinyume cha mwendo wa saa. Lishushe likiwa wima.

5. Angalia mahali lilipokuwa limekaa. Mpira wa mviringo wa chujio la zamani wakati mwingine hubaki umeng'ang'ania juu. Uondoe. Mipira miwili ikikaa pamoja, dizeli itavuja au hewa itaingia. Hili ni kosa la kawaida, hata kwa wazoefu.

6. Hamisha sensa kutoka chujio la zamani hadi jipya, ukitumia mpira mpya uliokuja nalo. Usiikaze kupita kiasi, kwani nyingi ni za plastiki na hupasuka.

7. Paka dizeli safi kidogo kwenye mpira wa chujio jipya. Usipake grisi.

8. Usijaze dizeli kupitia tundu la katikati. Kwenye machujio mengi ya aina hii, tundu hilo ndilo njia ya mafuta yaliyokwisha kuchujwa, kwa hiyo chochote utakachomimina hapo kitakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Lifunge likiwa tupu.

9. Lizungushe kwa mkono hadi mpira uguse, kisha ongeza mzunguko ulioandikwa kwenye chujio, kwa kawaida kama robo tatu ya duara. Mkono unatosha. Spana ni ya kufungulia tu.

10. Rudisha waya wa sensa. Bonyeza pampu ya mkono mara nyingi, hadi uisikie imekuwa ngumu. Hapo chujio limejaa na hewa imetoka. Magari mengine yana skrubu ndogo ya kutolea hewa: ilegeze huku ukipiga pampu, na ukiona dizeli inatoka bila mapovu, ikaze.

11. Futa dizeli yote iliyomwagika, rudisha waya wa betri, kisha washa gari. Lisipowaka ndani ya sekunde 10, pumzika kidogo, piga pampu tena, ujaribu upya. Kung'ang'ania stata kutaimaliza betri na kuiunguza stata yenyewe.

12. Acha injini iunguruze kwa dakika chache huku ukikagua kama kuna mvujo. Endesha mwendo mfupi, rudi, ukague tena. Mwisho, andika tarehe na kilomita kwenye chujio kwa kalamu ya wino usiofutika.

Soma chujio la zamani

Wengi hutupa chujio la zamani na kusahau. Kabla ya kufanya hivyo, mimina dizeli uliyoitoa kwenye ile chupa ya kioo, funga, na uiache itulie kwa saa moja. Kisha itazame kwenye mwanga.

*Kuna tabaka mbili.* Iliyo chini ni maji. Huenda yameingia kituoni, kwenye jerikeni, au yametokana na tangi kuachwa nusu usiku kucha, hewa yenye unyevu ikapoa na kugeuka matone. Jaza tangi jioni badala ya asubuhi, na umwage maji ya chujio kupitia kizibo cha chini kila baada ya wiki chache.

*Kuna chembe nyekundu za kutu.* Tangi lako, au pipa unalohifadhia, linaliwa na kutu. Chujio jipya litaziba upesi hadi tangi lisafishwe.

*Kuna ute mweusi unaoteleza.* Hivyo ni vijidudu vinavyoota pale maji na dizeli yanapokutana. Tangi lisafishwe na fundi.

*Uchafu ni mwingi baada ya kujaza mara moja tu.* Hapo shuku mafuta uliyouziwa. Hifadhi risiti na chupa hiyo, rudi kituoni ukaeleze, na upeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ambayo ndiyo yenye jukumu la kukagua ubora wa mafuta nchini.

Kuhusu dizeli kuchanganywa na mafuta ya taa, macho na pua havitoshi kuthibitisha. Ndiyo maana mafuta ya taa hutiwa alama ya kemikali inayopimwa kwa mashine, na mwaka wa 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli. Mwenye gari hulipia ule unafuu wa bei pale pampu inapokufa. Epuka dizeli ya kando ya barabara isiyo na risiti.

Mabaki yapelekwe wapi?

Usimwage dizeli chafu ardhini, mtoni, chooni wala karibu na kisima. Vijito vya milimani ndivyo vinavyonywesha watu na mifugo walio bondeni, na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inakataza kuchafua maji. Usiitumie kuwashia jiko wala kuchomea takataka. Iweke kwenye jerikeni lenye kifuniko, uliandike DIZELI CHAFU, na ulipeleke pamoja na chujio la zamani kwenye gereji inayochukuliwa taka zake na mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA. Kamwe usiweke mafuta kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto haulizi kilichomo.

Ajali ikitokea

*Moto.* Tumia mtungi wa unga au mchanga. Usimwage maji, kwa kuwa mafuta huelea juu yake na kuusambaza moto. Moto ukikuzidi, ondoka, ondoa watu, na upige 999 au 112.

*Kuungua.* Mwagia maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, kisha nenda kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, unga wala mafuta ya kupikia.

*Dizeli machoni.* Osha kwa maji mengi kwa dakika 15, kisha umwone daktari.

*Dizeli imemezwa.* Usimlazimishe mtu kutapika. Mafuta yakirudi juu yanaweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mpeleke hospitali. Kwa sababu iyo hiyo, wakazi wanakumbushwa kuacha kabisa tabia ya kuvuta mafuta kwa mdomo kwa kutumia mpira. Pampu ndogo ya mkono hufanya kazi hiyo bila kumhatarisha mtu.

Kumbuka

Kazi hii huchukua chini ya saa moja kwa mtu aliyejiandaa. Ukifika hatua usiyoielewa, simama na umwite fundi, hakuna aibu. Gari likifungwa vizuri leo jioni, kesho alfajiri kabeji zitashuka Mwatate, na usiku mlango ukigongwa, litawaka.