Usanifu wa Hila katika Tovuti na Namna ya Kuuepuka

Tangu kale mnunuzi amejifunza kuichunga mizani ya muuzaji. Jiwe lililopunguzwa uzito, kibaba kilichoinuliwa kitako kwa ndani, na kitambaa kinachovutwa wakati wa kupimwa ni hila zinazojulikana, na serikali huweka wakaguzi wa vipimo ili kuzizuia. Biashara ifanyikayo kwa njia ya intaneti haina jiwe wala kibaba. Baina ya muuzaji na mnunuzi upo ukurasa tu: maneno, rangi, vitufe na mpangilio wake. Hata hivyo mpangilio huo nao waweza kupunja. Makala haya yanaeleza jinsi upunjaji huo unavyofanya kazi, kwa nini hata mtu makini hunaswa, na kanuni ambazo msanifu wa tovuti hana budi kuzifuata.

Maana na aina zake

Mwaka 2010 Harry Brignull, msanifu wa tovuti wa Uingereza, aliupa udanganyifu huo jina moja la jumla, akaanza kukusanya mifano yake na kuianika hadharani. Kwa Kiswahili wafaa kuitwa usanifu wa hila, yaani mpangilio wa ukurasa unaomwongoza mtumiaji atende jambo ambalo asingelitenda lau angelielewa vema na kupewa nafasi sawa ya kuchagua.

Yafaa kutenganisha hila na mambo mawili yanayofanana nayo. Kitufe kilichofichika kwa uzembe wa msanifu ni kosa, wala si hila. Tangazo linaloisifu bidhaa ni ushawishi wa kawaida, kwa kuwa msomaji ajua kwamba anashawishiwa. Hila hufanya kazi pale tu mtumiaji asipoitambua, au anapochoka kuipinga. Aina zake zilizo kuu ni hizi:

(a) Alama ya vema iliyotiwa tayari. Mtumiaji akutapo kisanduku kimekwisha kujazwa, huhesabiwa kuwa amekubali jambo ambalo hakulisoma.

(b) Mlango mpana wa kuingia na mwembamba wa kutoka. Kujiunga na huduma ya malipo ya kila mwezi ni kubofya mara moja, lakini kujitoa ni safari.

(c) Gharama iliyofichwa. Bei ndogo huoneshwa mwanzoni. Ada nyingine hujitokeza mwishoni, mnunuzi akiwa amekwisha kujaza jina, anwani na namba yake.

(d) Haraka ya bandia. Saa huonesha kwamba zimebaki dakika tano, lakini ukurasa ukifunguliwa upya dakika hizo huanza tena.

(e) Maneno ya kutahayarisha. Kitufe cha kukataa huandikwa, mathalani, "La, sipendi kuokoa fedha zangu."

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walitumia programu ya kompyuta kukagua kurasa za bidhaa zipatazo 53,000 katika tovuti za biashara zipatazo 11,000. Walipata mifano 1,818 ya hila, na tovuti zilizohusika zilikuwa kama asilimia 11 ya zote. Kwa kuwa programu hiyo ilichunguza maandishi tu, hila za rangi na za mpangilio hazikuhesabiwa. Hivyo idadi hiyo ni ya chini kuliko hali halisi.

Kwa nini akili hunaswa

Watu wengi hudhani kwamba anayenaswa ni mzembe. Sayansi haikubaliani na dhana hiyo. Mwaka 2003 Eric Johnson na Daniel Goldstein walilinganisha nchi za Ulaya kuhusu watu waliokubali kutoa viungo vyao vya mwili baada ya kufa. Ujerumani, ambako mtu alitakiwa kujiandikisha ndipo ahesabiwe, waliokubali walikuwa asilimia 12. Austria, ambako kila mtu alihesabiwa kuwa amekubali mpaka akatae, walizidi asilimia 99. Nchi hizo zapakana na watu wake husema lugha moja. Ni vigumu kuamini kwamba huruma yao ilitofautiana kwa kiasi hicho. Kilichotofautiana ni fomu. Binadamu aghalabu huliacha jambo jinsi alivyolikuta, kwa sababu kulibadili kwataka fikra, muda na uamuzi.

Nchi yaweza kuweka utaratibu wa namna hiyo kwa sheria, kwa uwazi na baada ya mjadala. Msanifu wa hila hutumia udhaifu huo huo kwa siri, na faida ni yake.

Jaribio la pili lina uzito zaidi. Mwaka 2021 Jamie Luguri na Lior Strahilevitz wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha matokeo ya utafiti ambamo Wamarekani walipewa fursa ya kununua huduma ya kulinda taarifa zao. Walioona ukurasa wa kawaida walikubali kwa kiasi cha asilimia 11. Walioona ukurasa wenye hila ndogo walifikia asilimia 26, na wenye hila kubwa asilimia 42. Waliotendewa hila kubwa walikasirika. Waliotendewa hila ndogo hawakukasirika. Tena, hila ndogo iliwanasa zaidi wenye elimu ndogo kuliko wenye elimu kubwa.

Kwa hiyo hila ya kuogopwa zaidi ni ile isiyoudhi. Haileti malalamiko, na mzigo wake humwelemea yule aliye na uwezo mdogo wa kuubeba. Katika Afrika ya Mashariki watu wengi huifikia intaneti kwa simu yenye kioo kidogo, na mara nyingi kwa lugha isiyo yao. Kwa mtumiaji wa namna hiyo, aya moja ya maneno ya kisheria yatosha kuwa pazia.

Kipimo kinachodanganya

Hila nyingi hazizaliwi na mtu mbaya aliyeketi kupanga wizi. Katika kampuni za intaneti, kurasa hujaribiwa kwa njia ya kisayansi: nusu ya wageni huoneshwa ukurasa wa kwanza, nusu ya pili ukurasa mwingine, na ukurasa uliobofywa zaidi ndio unaochukuliwa. Njia yenyewe ni sahihi. Kasoro iko katika kitu kinachohesabiwa. Mbofyo haumtofautishi mtu aliyetaka na mtu aliyechoka.

Mfano wake ni ruhusa ya vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziweka katika kompyuta au simu ya mgeni ili kumtambua. Mwaka 2020 watafiti wa Denmark, Uingereza na Marekani walionesha kwamba kitufe cha kukataa kikiondolewa katika ukurasa wa kwanza, wanaokubali huongezeka kwa pointi 22 hadi 23 za asilimia. Matakwa ya watu hayakubadilika. Njia ya kukataa ndiyo iliyorefushwa. Lakini msanifu atazamaye hesabu ya mibofyo peke yake ataona kwamba ukurasa wake "umeboreka." Akiifuata tarakimu hiyo hatua kwa hatua, aweza kufika kwenye udanganyifu bila kuukusudia siku hata moja.

Mwezi Juni 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani iliishtaki kampuni ya Amazon kuhusu huduma yake ya Prime. Tume ilidai kwamba ili kujitoa, mteja alitakiwa kupita kurasa 4, kubofya mara 6 na kukabili machaguo 15. Ndani ya kampuni utaratibu huo uliitwa "Iliad," jina la utenzi mrefu wa Kigiriki unaohusu vita vya Troy. Mwezi Septemba 2025 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 2.5, yaani bilioni 1 za adhabu na bilioni 1.5 za kurudishiwa wateja, pasipo kukiri kosa.

Sheria zasemaje

Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku kilichojazwa tayari si ridhaa. Januari 2022 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ufaransa ilitangaza kuzitoza faini kampuni za Google na Facebook, euro milioni 150 na milioni 60, kwa kuwa kukataa vidakuzi hakukuwa rahisi kama kuvikubali. India ilitoa mwongozo mwaka 2023 ukitaja aina 13 za hila. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka ridhaa iwe ya hiari na ya kuelewa, yampa mtu haki ya kuiondoa, na yamtwika mkusanyaji wa taarifa mzigo wa kuthibitisha kwamba ilitolewa. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Kanuni za msanifu

Sheria hufika baada ya hasara. Msanifu ndiye awezaye kuizuia mapema, kwa kufuata kanuni hizi:

1. Njia ya kutoka isiwe ndefu kuliko njia ya kuingia, na kitufe cha kukataa kilingane na cha kukubali kwa ukubwa, rangi na mahali.

2. Kisanduku kiwe kitupu mpaka mtumiaji akijaze mwenyewe.

3. Bei nzima ioneshwe mwanzo, kabla ya kuulizwa jina na namba.

4. Saa au idadi ya bidhaa zilizobaki isioneshwe ikiwa si ya kweli.

5. Maelezo ya malipo yaandikwe kwa lugha ya wateja, kwa maneno wanayoyatumia.

6. Pamoja na mibofyo, yahesabiwe majuto: ni wangapi walijitoa baada ya kukatwa fedha mara ya kwanza, wangapi waliomba kurudishiwa, na wangapi walisema hawakujua kwamba wamejiunga.

Kanuni ya sita ndiyo inayozilinda nyingine. Ukurasa ambao watu wengi huukubali na wengi wao hujuta haukupima matakwa yao. Ulipima uchovu wao.

Zoezi

Walimu na wanafunzi waweza kufanya jaribio rahisi. Chagueni huduma moja ya simu au ya tovuti isiyotoza ada. Hesabuni hatua za kujiunga, kisha hatua za kujitoa, mkiandika kila ukurasa na kila kitufe. Gawanyeni idadi ya pili kwa idadi ya kwanza. Jibu likiwa 1 au pungufu, njia ni ya haki. Likiwa 3 au zaidi, jadilini ni hatua ipi inayomsaidia mtumiaji, na ipi iliyowekwa ili achoke. Mwisho, chora upya ukurasa wa kujitoa kama ambavyo ungependa mzazi wako aukute.