Mzee Wetu Anapokaribia Mwisho: Tumtunzeje?

Katika toleo hili tunazungumzia jambo ambalo familia nyingi hulikwepa mpaka siku linapobisha hodi: namna ya kumtunza mzee aliye dhaifu sana, hasa yule anayekaa katika makao ya wazee, hadi siku zake za mwisho.

Makao ya namna hiyo yapo kwetu. Huko Kasarani, Nairobi, wazee hutunzwa na Masista Wadogo wa Maskini, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1839 na Mtakatifu Jeanne Jugan. Unguja yako makao ya Sebleni na Welezo. Wengine huingia humo kwa kukosa ndugu, wengine kwa sababu watoto wako mbali au hawana nguvu ya kumhudumia mtu asiyeweza kusimama. Hata hivyo, karibu yote tutakayoyaeleza yanamhusu pia babu au bibi aliye nyumbani.

1. Ugonjwa wa mzee hujificha

Kijana akipata kichomi hupata homa kali na kikohozi. Mzee anaweza asipate homa hata kidogo. Badala yake atachanganyikiwa ghafla, ataacha kula, ataanguka, au atalala mchana kutwa. Watu husema, "Ni uzee tu." La hasha! Uzee hauji kwa siku mbili. Mzee aliyekuwa akiwatambua watu juzi, na leo hawatambui, huenda ana maambukizo ya mapafu au ya njia ya mkojo, au amepungukiwa maji, au amedhuriwa na dawa. Aonwe na mganga upesi.

Dawa nazo zichunguzwe. Mzee mwenye shinikizo la damu, kisukari na maumivu ya viungo huweza kujikuta anameza aina saba au nane kwa siku. Baadhi ya dawa za usingizi humfanya apepesuke na kuvunjika nyonga. Tukienda kumwona mganga tuchukue dawa zote katika mfuko mmoja, pamoja na za mitishamba, tuulize ipi bado inahitajika.

2. Mambo manne ya kila siku

(a) Kumgeuza. Mtu asiyejigeuza hupata vidonda vya kulalia, kwa kuwa uzito wa mwili hubana mishipa ya damu na nyama hufa. Ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi. Tutazame kila siku juu ya matako, nyonga na visigino. Katika ngozi nyeusi, dalili ya kwanza ni sehemu iliyozidi kuwa nyeusi, yenye joto au iliyokakamaa. Tusiisugue, tumwondoe kabisa asiilalie.

(b) Kumlisha. Aketi wima, apewe kijiko kidogo kidogo, na abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Tusimlishe akiwa amelala chali au anasinzia, maana chakula huingia katika njia ya hewa na kuleta kichomi.

(c) Kinywa. Kisafishwe asubuhi na jioni, hata kama hana meno. Kinywa kichafu hufuga vijidudu vinavyoweza kushuka mapafuni.

(d) Choo na mkojo. Abadilishwe nguo mara zinapolowa. Mzee anayehangaika usiku mara nyingine amefunga choo siku nne na hawezi kusema.

3. Maumivu si haki ya uzee

Wapo wanaoamini kwamba mzee lazima aumwe. Si kweli. Maumivu mengi hutulizwa. Shida ni kuyatambua kwa mzee mwenye ugonjwa wa kusahau. Huyo hatasema "ninaumwa". Tumtazame uso anapogeuzwa: je, anakunja kipaji, anaguna, anakaza mwili, anampiga anayemwogesha? Mara nyingi hizo ni lugha ya maumivu, wala si ukaidi.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa utaratibu wa kutuliza maumivu ya saratani kwa ngazi: kuanza na dawa nyepesi kama parasetamoli, na maumivu yakizidi, kupanda hadi mofini. Dawa hutolewa kwa saa zake, bila kungoja mgonjwa alie kwanza. Kwetu Afrika Mashariki huduma hii, inayoitwa tiba shufaa, ilipata mwanzo mzuri ilipoanzishwa Nairobi Hospice mwaka 1990, na Hospice Africa Uganda mwaka 1993 chini ya Dk. Anne Merriman. Yeye aliwaonyesha wengi kwamba mofini ya maji, inayochanganywa kwa gharama ndogo na kunywewa kwa mdomo, yaweza kumfikia hata maskini kitandani pake.

Familia nyingi huiogopa dawa hii. Wanasema inaua, au inamfanya mtu kuwa mlevi. Mofini ikitolewa kwa kipimo cha mganga, kuanzia kidogo na kupanda polepole, haimuui mgonjwa. Humpa usingizi na utulivu. Lakini hufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo itolewe pamoja nayo tangu siku ya kwanza.

4. Apelekwe hospitali au abaki kitandani pake?

Hapa ndipo familia hugombana. Tuchukue mfano. Bibi wa miaka 88 ana ugonjwa wa kusahau uliofika mbali. Hasemi tena, hatembei, amekonda. Ndani ya mwaka mmoja amepata kichomi mara tatu. Binti anayemtembelea kila Jumapili anasema, "Aachwe apumzike." Kaka yao anapiga simu kutoka ng'ambo: "Mpelekeni hospitali kubwa, nitalipa!" Wote wawili wanampenda mama yao. Nani ana haki?

Kabla ya kujibu, wamuulize mganga maswali manne:
- Je, ugonjwa huu utapona, au tunaahirisha tu?
- Tiba hii itamletea mama nafuu gani?
- Itamletea mateso gani: safari, sindano, kufungwa mikono, kulala kati ya wageni?
- Je, sehemu ya tiba yaweza kutolewa pale pale alipo?

Majibu hayafanani kwa kila mzee. Mzee anayetembea na kuongea akipata kichomi, atibiwe bila kusita. Aweza kupona na kuishi miaka. Mzee aliyevunjika nyonga mara nyingi hupasuliwa hata kama ni dhaifu, kwa sababu upasuaji huondoa maumivu makali. Lakini kwa bibi wa mfano wetu, dawa ya mdomo, kupunguziwa homa na mkono wa binti yake huenda vikamfaa kuliko safari ya usiku katika gari la wagonjwa.

Vivyo hivyo kumkandamiza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama. Kwa mzee aliye katika hatua ya mwisho ya ugonjwa, ni mara chache sana kumrudisha, na mbavu huvunjika.

Na mpira wa kulishia? Mzee aliyepata kiharusi juzi aweza kusaidiwa nao mpaka ajifunze kumeza tena. Kwa ugonjwa wa kusahau uliofikia mwisho, wataalamu wamechunguza na hawakuona kwamba unarefusha maisha au kuzuia kichomi. Mwaka 2014 chama cha waganga wa wazee cha Marekani kilishauri wagonjwa hao walishwe kwa mkono, kwa uvumilivu, kadiri wanavyoweza.

5. Je, kuacha tiba ni kuua?

Swali hili huwalaza macho Wakristo wengi. Mafundisho ya Kanisa ni wazi. Mwaka 1957 Papa Pio wa 12 aliwaeleza waganga kwamba mtu hawajibiki kutumia njia zisizo za kawaida ili kuurefusha uhai. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2278 na 2279, inaeleza kwamba ni halali kuacha tiba iliyo mzigo mzito, ya hatari, au isiyolingana na matokeo yanayotarajiwa. Hapo hatutaki kifo. Tunakubali kwamba hatuwezi kukizuia. Dawa ya kutuliza maumivu yaruhusiwa, hata ikihofiwa kupunguza siku za mgonjwa, mradi kifo chake hakikusudiwi.

Lakini utunzaji wa kawaida haukatizwi kamwe: kumwogesha, kumgeuza, kumtuliza, kumpa chakula na maji maadamu vinamfaa. Mwili unapofika mahali haupokei tena chakula, kumlazimisha si upendo. Kumpa mzee kitu kwa nia ya kumwua, au kumtelekeza kwa kuwa "amezeeka mno", ni kosa kubwa.

6. Tuzungumze mapema

Wa kwanza kuulizwa ni mzee mwenyewe, akili yake ingali timamu. "Baba, ukizidiwa ungependa tufanye nini? Ungependa kuwa wapi? Nani aseme kwa niaba yako?" Wengine huona maswali haya ni kumtakia kifo. Kumbe wazee wengi wameshayawaza usiku wakiwa peke yao, nao hufarijika wakipata wa kuwasikiliza. Majibu yaandikwe katika faili lake makaoni, na watoto wote wayajue, hata wa ng'ambo. Familia ichague msemaji mmoja wa kuongea na mganga, ili nesi asipokee amri tano tofauti usiku mmoja.

7. Siku za mwisho

Mzee atalala zaidi. Hatataka kula wala kunywa. Mikono na miguu itapoa. Pumzi itakatika kwa muda, kisha itarudi. Huenda ikakoroma kwa makohozi. Sauti hiyo hututisha sisi kuliko inavyomsumbua yeye. Alazwe ubavu, kichwa kiinuliwe kidogo. Tusimtie maji kinywani kwa nguvu. Tulowanishe midomo kwa kitambaa safi. Dripu siku hizo mara nyingi huongeza uvimbe na makohozi. Mganga aondoe dawa zisizomsaidia tena na kuacha za kumtuliza.

Tuendelee kuongea naye kwa upole, maana huenda bado anasikia. Tusigombanie shamba juu ya kitanda chake. Padre aitwe mapema: Mpako wa Wagonjwa ni wa mgonjwa aliye hai, na Komunyo ya njiani yahitaji mtu anayeweza kumeza. Wengi humwita padre mzee ameshazima.

Mwisho, tuwakumbuke wahudumu wa makao. Wao hufua, huinua na hufumba macho ya watu wasio ndugu zao. Familia inayofika na sabuni, shuka na neno la asante humpunguzia mzee upweke na mhudumu uchovu. Asiye na ndugu makaoni aweza kutembelewa na Jumuiya.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Ni wazee wangapi katika Jumuiya yetu hawawezi kutoka kitandani? Nani huwageuza usiku?
2. Tumewahi kudhani ugonjwa wa mzee ni "uzee tu"? Tutautambuaje?
3. Je, katika familia zetu tumemwuliza mzee anachotaka akizidiwa?
4. Hospitali au zahanati iliyo karibu nasi ina mofini ya maji? Nani atakwenda kuuliza kabla ya mkutano ujao?