Selule za shavu: jua lisiingie jichoni
Ndugu wafanyakazi, mtoto wa sekondari akitazama selule za shavu lake katika mikroskopi, hatari ziko. Baba unayetoka Shituru, nawa mikono kabla ya kumsaidia. Kila mtu akwangue polepole kwa kijiti chake chenye pamba, damu isitoke. Asikiazime hata kwa ndugu yake, maana mate hubeba maradhi. Kisha kitiwe katika maji ya javeli. Bulu ya metileni, tone moja latosha (mama atakayefua nguo atashukuru).

Jambo kubwa ni umeme ukikatika. Mikroskopi yenye kioo cha kurudisha mwanga, wengine hukielekeza kwenye jua lenyewe. Nuru hiyo huunguza ndani ya jicho bila maumivu, na pengine jicho halirudi kama zamani. Elekezeni kioo upande wa mbingu usio na jua.